Tumbo Nalo Lina Kinga Yake

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa ukoo, Silver Spring, Maryland



Kamati ya maandalizi iliponipigia simu iliniomba nizungumze kwa muda mfupi juu ya kazi yangu. Nilistaajabu, kwa maana kwa miaka mingi nimeulizwa na jamaa zangu, "Hivi shangazi, huko maabara mnafanya nini hasa?" nami nimekuwa nikijibu kwa mkato, "Nashughulika na panya." Watu hucheka, na mazungumzo huishia hapo. Leo nimeambiwa nisikimbilie kwa panya, bali nieleze.

Kazi yangu ni utafiti wa tiba. Kwa zaidi ya miaka ishirini katika eneo hili la Washington nimesoma jambo moja tu: uvimbe wa matumbo na kinga ya mwili iliyomo matumboni. Nikisema uvimbe, sisemi nundu wala saratani. Nasema ile hali ambayo kila mmoja wetu ameiona kidole kinapochomwa na mwiba: nyama huwa nyekundu, hupata joto, hujaa na kuuma. Hali hiyo ni ya kheri ikija kwa sababu na kuondoka sababu inapokwisha. Ikikaa mahali bila kuondoka, yenyewe huwa ndiyo maradhi.

Kabla sijaendelea, nina jambo la kukiri mbele ya ukoo, nalo ndilo lililonifanya nikubali kuja hapa.

Mnamo mwaka 2017 tulikutana kama tulivyokutana leo. Katika mkutano ule alikuwapo mtoto wa kaka yangu, mzaliwa wa Maryland, mwenye umri wa miaka kumi na minne. Mlimwona nyote. Alikula vijiko viwili vya mtori, akasogeza sahani, akaondoka mezani kwenda msalani, akarudi, akaenda tena. Mmoja wa wazee wetu alitania kwamba watoto wa Marekani hawakijui chakula cha mlimani. Tukacheka. Nami nilicheka. Nilimtazama yule kijana, nikaona mashavu yameingia ndani, nikajiambia kwamba ndivyo vijana wanavyorefuka. Kesho yake nilirudi maabara, nikainama juu ya hadubini, nikaendelea kuhesabu vidonda katika matumbo ya panya.

Kijana yule aliumwa kwa zaidi ya mwaka kabla maradhi yake hayajapata jina. Alikuwa akihara damu, naye alimficha mama yake. Mama yake alipogundua, alituficha sisi. Baba yake alipojua, alisema tumbo si jambo la kutangazwa, na kwamba yakisikika watu watasema mtoto amepata ugonjwa wa aibu, au mtu amemtupia jicho. Majira ya kupukutika kwa majani ya mwaka 2018 alipelekwa hospitalini usiku, utumbo ukiwa umeziba. Walimpasua na kukata sehemu ya utumbo mwembamba. Ndipo tukaambiwa kuwa ana ugonjwa wa Crohn, yaani ugonjwa uleule ambao shangazi yake alikuwa akiusoma kila siku ya kazi.

Kijana mwenyewe ndiye aliyeniruhusu kuyasema haya. Amekaa kule nyuma, ni mtu mzima sasa. Nilipomwuliza kama ninaweza kulitaja jambo lake alinijibu, "Shangazi, sema. Mimi nimechoka kuficha." Basi ninasema kwa idhini yake, nami naomba radhi kwake hadharani. Nilikuwa na elimu, lakini elimu yangu niliiacha maabara pamoja na koti jeupe.

Sasa naomba tuliangalie tumbo lenyewe.

Wengi tunalidhani tumbo kuwa ni bomba la kupitishia chakula. Kwa hakika matumbo ni mojawapo ya mipaka mikubwa ambayo mwili unayo na ulimwengu wa nje. Wataalamu wawili wa Sweden walipopima upya mwaka 2014 walikadiria kwamba utando wa ndani wa njia yote ya chakula, ukitandazwa pamoja na mikunjo yake, una eneo la mita za mraba zipatazo 32. Ngozi yetu yote ni kama mita mbili tu. Na katika sehemu kubwa ya mpaka huo ukuta wetu ni safu moja ya seli. Upande mmoja kuna chakula, uchafu na wadudu wasioonekana kwa macho. Upande wa pili kuna damu.

Wadudu hao si wachache. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanasema mwili wa mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, idadi inayokaribiana na ya seli za mwili wenyewe, na walio wengi kabisa wanaishi katika utumbo mpana. Wengi wao si maadui. Tunawapa makazi nao wanatulipa kodi: wanachachusha nyuzinyuzi za mboga, maharage na nafaka ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzisaga, na katika kuchachusha huko wanatoa asidi ndogo ndogo ambazo ndizo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana.

Fikirini basi ugumu wa kazi ya mlinzi wa mpaka huo. Kila saa anapigiwa hodi na maelfu kwa maelfu. Akimfungulia kila mtu, mwizi ataingia. Akimpiga kila mtu, atampiga mwenyeji, mgeni mwema na mleta chakula, na hatimaye atavunja nyumba aliyowekwa kuilinda. Ndiyo maana mwili umeweka matumboni askari wengi sana, na ndiyo maana vilevile umewawekea askari hao wazee wa kuwatuliza. Kuna ute unaowaweka bakteria mbali na ukuta. Kuna kingamwili zinazomwagwa ndani ya ute huo, ambazo huwashika wadudu bila kuwasha moto wa vita. Na kuna seli nyeupe za damu ambazo kazi yao hasa ni kusema, "Huyu tunamjua, mwacheni apite." Kwa ugunduzi unaohusu seli hizo za utulizaji, Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025. Dunia ilichukua muda mrefu kutambua kwamba katika kinga ya mwili, kujizuia ni kazi kubwa sawa na kupigana.

Ugonjwa wa Crohn, pamoja na ndugu yake, ile kolaitisi ya vidonda, ni amani hiyo iliyovunjika. Askari wanawapiga wenyeji, na vita haviishi. Katika kolaitisi moto huwaka kwenye utando wa utumbo mpana. Katika Crohn huweza kuwaka popote tangu mdomoni hadi njia ya haja kubwa, mara nyingi pale utumbo mwembamba unapoungana na ule mpana, na huchimba unene wote wa ukuta mpaka utumbo ukakaza, ukaziba au ukatoboka. Jina la Crohn limetokana na daktari Burrill Crohn wa New York, aliyeueleza ugonjwa huo pamoja na wenzake wawili mwaka 1932.

Kwa nini amani huvunjika? Jibu fupi ni kwamba hakuna sababu moja. Kuna urithi: mwaka 2001 makundi mawili ya watafiti yaligundua kwamba hitilafu katika jini iitwayo NOD2, ambayo husaidia seli kuwatambua bakteria, huongeza hatari ya Crohn. Lakini hitilafu zile zilizogunduliwa kwa Wazungu ni adimu kwa watu wenye asili ya Afrika, na bado Waafrika wanaugua. Kwa hiyo urithi peke yake hautoshi kueleza, na mazingira nayo yana sehemu yake. Mtu akikuambia kwamba ni laana, au kwamba ni kosa la mama aliyempa mtoto chakula hiki badala ya kile, mwambie kwamba shangazi amekana.

Ndugu Mwenyekiti, wengi wetu hupita kila siku kwenye kituo cha Medical Center, katika mstari mwekundu wa Metro. Karibu na hapo, nyuma ya uzio, ziko Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, hapo Bethesda. Ndani yake kuna hospitali ya utafiti iliyofunguliwa mwaka 1953, ambayo mgonjwa akikubaliwa kuingia katika utafiti hatozwi malipo ya matibabu ya utafiti huo. Nataka nieleze jambo moja lililotokea ndani ya uzio huo, kwa sababu linaunganisha panya wangu na kijana wetu.

Mnamo mwaka 1995 kundi la watafiti la maabara ya Dakta Warren Strober, akiwamo Markus Neurath na Ivan Fuss, lilichapisha habari za panya waliokuwa wamesababishiwa uvimbe wa utumbo mpana unaofanana na Crohn. Watafiti hao walishuku kwamba tarishi mmoja wa kinga, protini iitwayo interlukini 12, ndiye anayepeleka habari ya vita na kuwachochea askari. Wakawapa panya wale kingamwili ya kumkamata tarishi huyo njiani. Panya waliokuwa wamekwisha kuugua wakapona. Na hapo ndipo penye uzito, kwani kumkinga mnyama kabla hajaugua si kazi ngumu kama kumrudisha aliyekwisha kuugua.

Kutoka kwa panya hadi kwa binadamu njia ilikuwa ndefu. Mwaka 2004, baada ya miaka tisa, jarida la tiba la New England lilichapisha matokeo ya jaribio la kingamwili ya namna hiyo kwa wagonjwa 79 wa Crohn. Miongoni mwa waliopewa kipimo kikubwa kwa wiki saba bila kukatiza, asilimia 75 walipata nafuu, wakati waliopewa dawa tupu walikuwa asilimia 25. Baadaye ikatambulika kwamba tarishi yule ana pacha, interlukini 23, na kwamba dawa ilikuwa ikiwashika wote wawili kwa sababu wamevaa kipande kimoja cha vazi. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kwa ugonjwa wa Crohn dawa ya ukoo huo huo, ustekinumab.

Kijana wetu alianza kwa dawa nyingine, ikamsaidia kisha ikachoka. Tangu alipotimiza utu uzima anadungwa sindano ya ustekinumab kila baada ya wiki nane. Kaeni mkijua, basi, kwamba sahani ya pilau aliyoimaliza leo mchana, niliyomwona akiimaliza, ina historia ndefu ndani yake. Wamo panya wa mwaka 1995, na wamo wagonjwa 79 waliokubali kujaribiwa bila kujua kama ni dawa wanayopewa au maji.

Hadi hapa nimesema habari za huku ugenini. Sasa naomba niwapeleke nyumbani, maana utafiti wa tumbo haufanywi Bethesda tu.

Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940 hadi ya 1960, alishangazwa na jambo moja. Magonjwa ya matumbo yaliyojaza wodi za Uingereza aliyaona kwa nadra sana kwa wanavijiji wa Afrika Mashariki. Aliandikia hospitali nyingi za misheni barani Afrika kuuliza, nazo zikamjibu vivyo hivyo. Akafikia kauli kwamba siri imo katika nyuzinyuzi za chakula. Hatupaswi kuyapokea maneno yake yote kwa macho yaliyofumbwa. Hospitali nyingi za wakati ule hazikuwa na vyombo vya kuchungulia utumbo, na ugonjwa usiotafutwa hauonekani. Hata hivyo, swali lake lilikuwa jema, nalo limejibiwa kwa sehemu katika siku zetu, na waliojibu ni majirani zetu wa Moshi.

Mwaka 2021 watafiti wa Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud huko Uholanzi, walichapisha uchunguzi wa Watanzania 323 wenye afya njema, wa mjini na wa vijijini. Damu ya watu wa mjini ilionyesha kinga iliyo macho kupita kiasi, iliyoelekea kwenye uvimbe, na tofauti hiyo ilihusiana na vyakula vyao. Halafu wakafanya jambo la ujasiri zaidi, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025. Waliwachukua wanaume 77 wa Kilimanjaro. Waliokuwa wakila chakula cha asili waliwekwa kwenye chakula cha kimagharibi kilichosindikwa kwa wiki mbili. Waliokuwa wakila cha kimagharibi waliwekwa kwenye chakula cha asili kwa muda huo huo. Kundi la tatu walikunywa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa kwa wiki moja.

Wazee wangu, mnatabasamu. Ndiyo, ni mbege.

Wale waliohamia chakula cha kimagharibi, protini za uvimbe ziliongezeka katika damu yao, na seli zao za kinga zikawa dhaifu mbele ya vijidudu. Wale waliorudi kwenye maharage, ndizi, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, pamoja na wale wa mbege, dalili za uvimbe zilipungua. Na baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Kwa wiki mbili tu, ndugu zangu! Nasi wengine tumekaa hapa miaka thelathini.

Kwamba safari yenyewe hubadilisha tumbo, hilo nalo limepimwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 wa wanawake wa Kihmong na Kikaren waliohamia Minnesota kutoka Asia ya Kusini-Mashariki ulionyesha kwamba aina za bakteria wa matumboni huanza kupungua katika miezi ya kwanza ya kuwasili, na kizazi kilichozaliwa huku kimepoteza zaidi. Na huko Ontario, Kanada, ilionekana mwaka 2015 kwamba mhamiaji anavyowasili akiwa mdogo zaidi, ndivyo hatari yake ya kupata maradhi haya inavyoongezeka. Tunapovuka bahari tunadhani tumeacha nyuma nyumba, kihamba na makaburi ya wazee wetu. Kumbe tunaacha pia wapangaji wa matumboni, wala hatusikii wanapoaga.

Hata hivyo nisije nikaeleweka vibaya, mkatoka hapa mkisema shangazi amesema nyumbani kila kitu ni heri na huku kila kitu ni sumu. Sivyo. Kule Haydom, mkoani Manyara, ilikuwako moja ya vituo vinane vya utafiti mkubwa wa watoto ulioanza mwaka 2009 na kuratibiwa kutoka hapa hapa Bethesda. Utafiti huo, pamoja na mingine, umeonyesha kwamba mtoto anayekunywa maji machafu na kuchezea uchafu huweza kuwa na utumbo uliovimba kimya kimya, hata asipohara. Chakula hakifyonzwi vema na kimo kinadumaa. Tena hushukiwa kwamba hii ni sababu mojawapo ya chanjo za matone kutofanya kazi sawasawa. Chanjo ya virusi vya rota, ambayo katika nchi tajiri huzuia zaidi ya asilimia 85 ya maradhi makali, ilipojaribiwa Malawi ilizuia asilimia 49. Bado ni maisha mengi yaliyookolewa, na Tanzania ilifanya vema kuianza mwaka 2013. Lakini mnaona: mlinzi wa tumbo huharibikiwa kwa wageni wabaya waliozidi, na huharibikiwa pia kwa kukosa wageni wema. Heri iko katikati, nayo ni maji safi pamoja na chakula cha asili.

Sasa nahitimisha kwa mambo manne ambayo naomba ukoo uyachukue.

Kwanza, tuache kuona haya kwa habari za tumbo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kuhara kunakodumu zaidi ya wiki chache, damu katika choo, kupungua uzito bila sababu, mtoto kuacha kukua, maumivu yanayomwamsha mtu usiku, homa za mara kwa mara: haya si mambo ya kungoja mkutano wa mwaka ujao. Nenda kwa daktari, na useme wazi unachokiona chooni.

Pili, tumwambie daktari habari za ukoo. Mtu mwenye mzazi, kaka au dada mwenye Crohn yuko katika hatari zaidi kuliko wengine, ingawa walio wengi katika hao hawataugua kamwe. Katibu wetu anatunza daftari zuri la majina ya vizazi vyetu. Naomba kila nyumba nayo itunze karatasi yake ya maradhi, iwe siri ya nyumba hiyo, ili mtoto akiulizwa na daktari asijibu, "Sijui, kwetu hatusemi."

Tatu, turudishe mezani chakula chetu. Maharage, kunde, mchicha, ndizi, ulezi na mahindi yasiyokobolewa vinapatikana katika maduka ya Langley Park na Silver Spring, kwa bei isiyozidi ile ya kuku wa kukaanga. Kuhusu mbege, nasema kwa tahadhari: ina kileo, si ya watoto, si ya madereva, na waliojaribiwa walikuwa wanaume wazima wenye afya. Anayetaka faida ya vilivyochachushwa bila kileo anaweza kunywa mtindi au uji wa ulezi uliochachuka.

Nne, na hili nalisema kwa msisitizo: chakula si badala ya dawa. Watu wale 77 wa Kilimanjaro hawakuwa wagonjwa. Aliyekwisha kupata Crohn, tena ambaye utumbo wake umekaza, anaweza kudhurika kwa kulishwa kwa nguvu nyuzinyuzi nyingi. Mashangazi wenzangu, nawajua. Mkimwona kijana huyu msimwambie aache sindano mumponye kwa majani. Mwulizeni anaweza kula nini, kisha mpikieni hicho.

Ndugu Mwenyekiti, nilipokuwa msichana nilimwona bibi yangu akimkaribisha kila apigaye hodi, lakini aliweka kigoda chake mahali ambapo aliona mlango na ua kwa pamoja. Wageni wema walipewa kata ya mbege. Wengine alizungumza nao wakiwa wamesimama. Sikumbuki hata siku moja alipopaza sauti. Nimesoma vitabu vingi juu ya kinga ya matumbo, na bado kila ninapotaka kuieleza kwa mwanafunzi mpya, ninamwona bibi yangu kwenye kigoda kile.

Lakini bibi alikuwa akitazama. Mimi mwaka 2017 sikutazama. Ombi langu la mwisho ni hili: tukiketi mezani baada ya hotuba hii, kila mmoja amwangalie aliye karibu naye kama anakula. Na kama hali, tusimtanie. Tumwulize kwa upole, pembeni, tena tungoje jibu.

Mungu aubariki ukoo wetu, awalinde walioko nyumbani na walioko ugenini.